Bahari Mkono wa Kushoto: Siku Nne za Kukizunguka Kisiwa cha Mombasa kwa Miguu

Mjomba wangu anakaa Majengo, kitovuni mwa kisiwa cha Mombasa. Nilipomwambia nimetoka Tanga kuja kutembea kwa miguu nione bahari, aliweka kikombe chini akaniangalia vizuri.

"Tanga hamuna maji?"

Tunayo. Ila Mombasa nimeijia mara nyingi kwa harusi na misiba, na safari zote zimekuwa hizo hizo: basi hadi Mwembe Tayari, tuktuk hadi Majengo, kula, kulia au kucheza, kisha basi tena. Naweza kukaa kisiwani siku tatu nisiione bahari hata kidogo. Agosti hii, kusi likivuma na jua likiwa la kuvumilika, nikasema nitakizunguka kisiwa chote, kipande kwa kipande, kila jioni nirudi kulala Majengo.

Mjomba alifanya kazi bandarini miaka thelathini na moja. Magoti yake hayamruhusu tena kutembea mbali, lakini njia alinipa: "Shika bahari mkono wa shoto, usiiwache. Utarudi ulikotoka." Mimi nikajiongezea sharti langu: nihesabu kila mahali nitakapoweza kushuka nikatia mguu maji ya chumvi bila kumlipa mtu.

Siku ya kwanza, Jumapili: Ngomeni hadi feri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Fort Jesus, ngome ya zamani ya Wareno, lango la makumbusho bado limefungwa. Sikujali, ndani nimeshaingia zamani. Nilitaka upande wa bahari, ambako wageni wengi hawafiki kwa sababu wakishakata tiketi macho yao huwa kwenye mizinga na mifupa ya nyangumi.

Ukiitazama kutoka chini, ngome haifanani na jengo. Ukuta umepandishwa juu ya mwamba wenyewe wa matumbawe, rangi ni ile ile, na pana mahali huwezi kusema hapa ameishia Mungu na hapa ameanza Mreno. Ujenzi ulianza 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Miaka mia moja baadaye Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Mbele ya hapa niliposimama, 1697, ilizama merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyotumwa kuwaokoa. Wapiga mbizi wa akiolojia walikuja kuichimbua kati ya 1977 na 1980.

Juu ya kaburi hilo la merikebu kijana alikuwa akivua kwa mshipi. Nikamuuliza amepata nini.

"Changu wawili. Na mfuko wa plastiki."

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Nilivua makubadhi nikatia mguu. Moja.

Nikaelekea kusini kwa matumaini makubwa, na baada ya dakika tano bahari ikapotea. Haikwenda mbali. Unaisikia, na chumvi yake unaionja mdomoni, ila kati yako na yake pana klabu, hospitali, nyumba za wenye nazo, halafu Ikulu, ambayo haina haja ya kukueleza lolote. Kizingo ni mtaa mzuri wa kutembea, una miti mikubwa na kimya cha Jumapili, lakini ni mtaa wa kuta. Nilikuwa nimesimama kwenye geti moja nikichungulia uchochoro uliokuwa kama unateremka, mlinzi akatoka.

"Watafuta nyumba gani?"

"Sitafuti nyumba. Natafuta bahari."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Endelea mbele hadi Lighthouse. Hapa bahari ina wenyewe."

Lighthouse ndipo mji unapofungua dirisha. Kuanzia hapo barabara ya Mama Ngina inafuata ukingo wa jabali hadi karibu na feri, na kama una saa mbili tu za kutembea Mombasa, basi zitumie hapa, usinisikilize tena. Mkono wa kushoto bahari kuu, mkono wa kulia mibuyu iliyozeeka, mingine minene kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawaizunguki. Eneo hili lilitengenezwa upya mwaka 2019, na Mashujaa Dei ya mwaka huo ikaadhimishwa hapo hapo. Njia zimesakafiwa, viti vipo, vizuizi vipo. Lawama yangu ni moja: kivuli. Mbuyu una tumbo kubwa lakini mwavuli wake ni mdogo, na ifikapo saa tano kila kiti kina jua lake. Kofia na chupa ya maji ni lazima.

Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua ya huku maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa tena jioni. Waswahili walipangia shughuli zao kwa hesabu hii kabla ya saa za ukutani, na mtembeaji naye afadhali aijue, kwa sababu pwani ile ile unayoikuta saa nne, saa kumi haipo. Nilipofika, miamba ya chini ilikuwa imejianika wazi, ina vidimbwi, na watoto walikuwa wakiokota kaa kwa kijiti. Nikashuka taratibu nikishika jabali. Mbili.

Nikiwa kule chini ikapita meli ya makontena kuingia Kilindini. Mlango wa bandari ni mwembamba na meli zinapita karibu mno na ukingo. Haikupiga kelele. Ilitokea tu nyuma ya mwamba kama jengo la ghorofa linalohama, na watoto wakaacha kaa wao kuipungia mkono. Mtu mmoja, mdogo kama tembe ya mchele kule juu, akapunga.

Feri ya Likoni nilifika mchana. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, kwa hiyo unavuka na mwenye mbuzi, mwenye godoro, mwanafunzi, na mzee wa kanzu nyeupe pe ambaye sijui aliiwekaje safi ndani ya msongamano ule. Nilivuka nikarudi. Kwenye mteremko wa zege, mahali feri inapoegesha ulimi wake, wimbi lilinirukia mguuni lenyewe. Tatu, na hii sikuitafuta.

Jioni nilirudi Mama Ngina, maana Jumapili jioni mji wote huja hapa. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, achari za embe, madafu, ukwaju ndani ya ndoo yenye barafu. Kina mama wametandika leso wamekaa na watoto wao wakitazama giza likishuka juu ya maji. Nilikaa mpaka saa mbili. Nyumbani niliwekewa chakula nisichokiweza, kwa sababu ya mihogo, na nikasemwa.

Siku ya pili, Jumatatu: Mbaraki hadi Makupa

Siku hii nitaipita haraka, kama nilivyotamani kuipita yenyewe.

Nilianza na kitu kizuri. Mnara wa Mbaraki umesimama peke yake jirani na maghala, nguzo ya matumbawe yenye urefu wa kama mita nane, yenye uwazi ndani, na magofu ya msikiti pembeni yake. Huhusishwa na kaburi la mkubwa wa Wakilindini, mojawapo ya mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Watu bado huja kuweka nadhiri. Chini yake nilikuta chupa za marashi na majivu ya ubani, na paka amelala katikati ya vitu hivyo bila wasiwasi wowote. Nje ya ukuta lori lilikuwa likipiga honi. Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilishajua kinachofuata.

Kilichofuata ni bandari. Kilindini, yaani penye kilindi, penye maji marefu, na kwa sababu ya kilindi hicho ndipo reli ya Uganda ilipoanzia mwaka 1896, na ndipo mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo inapoteremkia hadi leo. Sina ugomvi na bandari, mimi na Mjomba tumelishwa nayo. Lakini mtembea kwa miguu hana nafasi huku. Upande wa kushoto ukuta, nyuma ya ukuta kreni, na barabarani malori yaliyopanga foleni, matingo wamelala chini ya matela. Vumbi lake lina ladha ya ngano na dizeli.

Nililiacha sharti la Mjomba kwa kilomita moja hivi nikaingia mjini, Moi Avenue, zilipo zile pembe za ndovu ambazo kila mgeni lazima apigwe picha chini yake. Si za ndovu. Ni za alumini, ziliwekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya jamaa wa kifalme wa Uingereza. Hapo hapo, nikivuka barabara kwa kukimbia, ukanda wa kubadhi ukakatika. Fundi viatu aliyekuwa chini ya mti pembeni ya bustani ya Uhuru alizitazama kubadhi zangu kwa huruma.

"Hizi ni za kwendea msikitini, si za kuzungukia kisiwa."

Akazishona kwa uzi wa nailoni, tena zote mbili, akisema ile nzima nayo ina nia mbaya. Zimenifikisha Tanga.

Baada ya hapo ni Shimanzi na matangi yake ya mafuta, halafu mzunguko wa Makupa. Hesabu ya siku: sifuri.

Usiku nilimwambia Mjomba. Alikuwa akipasua karanga. Alinitajia gati moja moja kwa namba, meli zilizokuwa zikifunga hapo, winchi ipi ilimvunja nani mguu. Halafu akanyamaza, akasema, "Miaka thelathini na mmoja. Na maji ya kule sikuyagusa hata siku moja."

Siku ya tatu, Jumanne: Makupa, Tudor, Kengeleni

Makupa ndipo kisiwa kinaposhikana na bara kwa upande wa magharibi. Tangu wakati wa ukoloni palikuwa na tuta lililoziba mkondo, maji ya upande huu hayakuonana na ya upande ule. Ukitaka kuwa mbishi, Mombasa haikuwa kisiwa kamili. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa 2022 na maji yakapewa tena njia ya kupita. Nilisimama juu yake kuyatazama. Yalikuwa yakienda, polepole, yakibeba ganda la dafu. Kuyafikia maji haiwezekani bila kuruka.

Kutoka hapo unageuka mashariki na kila kitu kinapoa. Tudor ina barabara pana ya Tom Mboya, shule, na majengo ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambayo kuba na matao yake hukumbusha kwamba palianza kama chuo cha elimu kwa Waislamu. Mkono wa kushoto vichochoro vinateremka kwenye hori, ghuba nyembamba ya bahari. Niliingia kimoja kilichopita katikati ya nyumba za mabati za Moroto. Hapa si mahali pa kuingia na kamera mkononi. Unasalimu kila mlango, unasema unakokwenda, unapita. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai alinijibu salamu kisha akanihoji kama polisi.

"Wenda wapi chini huko?"

"Kuona maji, mama."

"Maji hayapo sasa, yameondoka. Kuna tope tu. Kula kwanza, yatarudi."

Nikala, kwa ukwaju. Alikuwa na haki. Ilikuwa karibu saa sita mchana, maji yamepwa, na mbele palikuwa na uwanja wa tope jeusi lenye mikoko, na takataka zilizonaswa kwenye mizizi yake, nyingi. Sitazipamba. Lakini pia palikuwa na vijana wawili wakisukuma mtumbwi juu ya tope hilo kuelekea kwenye uzi wa maji uliobaki katikati, wakiimba kwa zamu ili wasukume pamoja. Niliwafuata mpaka magotini. Nne, ingawa nusu yake ni tope. Mama wa viazi alinipa maji ya kunawa na akakataa malipo ya maji, akapokea ya viazi.

Daraja la Nyali ni mahali pa upepo. Hili la zege ni la 1980; kabla yake palikuwa na daraja la kuelea, la 1931, na wazee bado wanasimulia lilivyokuwa likipanda na kushuka na maji, gari likiwa juu yake. Njia ya waenda kwa miguu ipo pembeni. Nenda ukiwa huna kofia ya kupeperuka. Ukisimama katikati unaona kwa mara ya kwanza umbo la kitu unachokizunguka: kisiwa kimekaa chini, cheupe, minara ya misikiti imetokeza, na hori la Tudor limekizunguka kama mkono.

Bara si sehemu ya mzunguko wangu, lakini nilivuka kwa sababu ya jina moja. Makondakta wa matatu hupaza sauti "Kengeleni! Kengeleni!" siku nzima, na nimelisikia tangu utotoni bila kuuliza kengele gani. Ipo. Imesimama njia panda, imetundikwa kwenye tao, na watu wanapita chini yake na mboga zao. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Uingereza walianzisha hapa Freretown, makazi ya watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, na kengele ilikuwa ya kuwaonya watu wakati wa hatari. Waliokuwa wakikimbia wakiisikia ni watu walioshaibiwa mara moja. Nilimuuliza kijana wa bodaboda kama huwa inalia. Akaitazama juu, nadhani kwa mara ya kwanza mwezi huo. "Ile? Hapana. Lakini stendi ni hii hii."

Siku ya nne, Jumatano: kutoka darajani hadi Ngomeni

Nilianza kwa kuchelewa makusudi, saa tisa, maana nilitaka kuingia Mji wa Kale wakati maji yakijaa. Kutoka Buxton na maghorofa yake mapya unashuka kupita karibu na hospitali kuu na uwanja wa Makadara, na bahari inaanza kukuchungulia kati ya nyumba. Halafu Mlango wa Papa.

Penye kuta nyingi, watu hukumbuka milango. Huu ni ufuo mdogo, vijana wanapiga mbizi, wengine wamekaa juu ya mawe wakijadili mpira, na hakuna aliyeniuliza natafuta nyumba gani. Mtoto wa kama miaka minane alinionya kwa heshima, "Ami, hapo pana chaza, wanakata." Nikaweka mguu alikonionyesha. Tano.

Ndani ya Mji wa Kale ramani ya simu ni ya kupoteza muda. Vichochoro vinapinda kufuata nyumba, na nyumba zilifuata upepo. Fuata pua: bizari, halafu ubani, halafu samaki, na ukifika samaki uko karibu na bandari. Tazama juu, kwenye roshani za mbao. Tazama milango ya nakshi. Lakini usitazame ndani ya mlango ulio wazi, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Barabara kubwa inaitwa Ndia Kuu, na sisi tunaosema "njia" hutabasamu kidogo tukiisoma. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwepo kabla ya kamusi zetu, kwa hiyo pengine ndio wanaostahili kututabasamia sisi. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe mnene chini na mwembamba juu, hunasibishwa na mwaka 1570, yaani ngome iliukuta.

Karibu na bandari ya kale ipo nyumba ya Leven na ngazi zake. Leven ilikuwa manowari ya Uingereza. Nahodha wake, William Owen, aliikuta Mombasa ya watawala wa ukoo wa Mazrui mwaka 1824 ikimwogopa Sayyid Said wa Omani, akaiweka chini ya bendera yake bila kusubiri idhini ya London. Ulinzi huo haukufika miaka mitatu. Luteni Reitz aliyeachwa kuutawala mji alikufa mwaka huo huo wa 1824, na jina lake likabaki Port Reitz, ule upande wa Jumatatu nilikokosa maji. Ngazi zimelika katikati kwa nyayo. Nilishuka, maji yamepanda vidato kadhaa, yakipumua. Sita.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa chini ya ukuta wa ngome, palepale pa Jumapili. Yule mvuvi hakuwepo. Alikuwepo Mjomba, ameletwa na tuktuk, amekaa juu ya jiwe na mkongojo wake, ananunua kahawa chungu kwa mtu wa dele. Hakuwa ameniambia atakuja. Nilimwamkia nikakaa.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita."

Akahesabu pamoja nami kwa vidole, mahali kwa mahali, akitikisa kichwa. Alipofika cha sita akanywa funda, akasubiri kidogo.

"Nyuma ya soko la samaki, pale penye ngazi tatu, ulipita?"

"Ngazi gani?"

"Basi hujamaliza."

Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akaondoka kutafuta wateja wengine. Basi la Tanga nilikuwa nimelikatia tiketi ya saa mbili asubuhi. Nilimwambia Mjomba aniamshe alfajiri.